Ua wa Kiambere

Siku mliyoniaga mlinipa kanga, keki na hotuba ndefu kuhusu vyeo nilivyopitia. Nilisikiliza kwa adabu. Vyeo vilikuja na kwenda, na sikumbuki hata kimoja kilichonifundisha kutambua mti. Ninachotaka kuwaachia ninyi mnaobaki ni habari ya kazi yenyewe, na hasa ya mti mmoja ambao nusura upotee kitabuni kwa sababu ya ua wa boma la mbuzi.

Niliingia kazini kwenye kituo chetu cha utafiti, Embu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa Meru, upande wa Imenti, kwetu migomba na kahawa, ambako kila kitu ni kijani mwaka mzima na mtu hulalamika mvua ikichelewa wiki. Nilikuja na digrii na viatu vyeupe. Aliyenipokea ni Mzee Ireri, fundi mkuu wa hebaria, yaani ile maktaba yetu ya mimea iliyokaushwa. Alikuwa mtu wa Karurumo, mrefu, mkavu, mwenye koti la kaki lililojaa mifuko. Aliviangalia viatu vyangu kwa muda, kisha akanipa brashi ya gundi.

"Karibu, Madam," akasema. "Digrii weka kwa hiyo droo. Hapa tunaanza na kubandika."

Nilibandika miezi. Nilijifunza kutandaza tawi kwenye gazeti ili jani moja lionyeshe mgongo, kubana mashine ya mbao ya kukandamizia mimea kwa mikanda, kubadilisha magazeti kila asubuhi kabla ukungu haujaingia. Nilijifunza kwamba kibandiko cha sampuli kikishawekwa hakibanduliwi. Aliyekuja kabla yako akikosea jina, humfuti. Unaandika karatasi ndogo ya uamuzi wako, unaweka jina lako na unaibandika chini ya ile yake. Karatasi moja ilikuwa na maamuzi ya watu wanne, kila mmoja akimkana mwenzake kwa heshima. Nilicheka. Ireri hakucheka.

"Hiyo ndiyo kazi, Gatwiri," akasema. "Ukikosea, unakosea mbele ya watu, na inabaki."

Kazi kubwa tuliyopewa ilikuwa jenasi ya Commiphora. Waumini mnaijua bila kujua: manemane ya mamajusi hutoka kwa jamaa wa jenasi hiyo. Huku kwetu imejaa tele katika nyanda kavu za Mbeere, kuanzia Kiritiri kushuka hadi mto Tana, na kila mmoja wao ana tabia ya kumchosha mtu. Sehemu kubwa ya mwaka husimama uchi bila jani. Maua hutoka kwanza, madogo kama punje ya mtama, kisha majani, kisha matunda, na mara nyingi huwezi kuvipata vyote kwa safari moja. Mti dume ni mwingine na mti jike ni mwingine, na jike tu ndio huzaa. Magome mengine hubambuka kama karatasi ya mkate, mengine hayabambuki, na mengine hubambuka yakijisikia.

Kitu cha kuaminika zaidi ni kokwa. Pasua tunda, utaona kokwa limekumbatiwa na nyama nyekundu yenye vidole. Spishi nyingine zina vidole viwili, nyingine vinne, nyingine hazina, zimevaa kofia tu. Ireri alikuwa na kanuni moja aliyoirudia hadi nikaiota: mti ambao hujaona tunda lake, hujauona. Mkumbuke kanuni hiyo, kwa maana itarudi.

Nilipoanza kushuka naye Mbeere, nilichukia. Joto lilinipiga, miiba ilinichana, na maji ya kunywa yalikuwa na ladha ya mpira wa mtungi. Lakini kwenye vilima vya mawe juu ya Kiambere, ambako ukisimama unaona bwawa likimeta chini, niliuona mti wangu. Kwa mbali ulifanana na ule wa kawaida uliojaa kote bondeni: shina lile lile la kijani kibichi, gome lile lile la manjano linalobambuka. Nilipasua tunda kwa jino, kama nilivyofundishwa. Vidole vinne. Nikapasua la mti wa pili, la tatu. Vinne, vinne. Ule wa bondeni una viwili. Nikasimama pale na mdomo mchungu kwa utomvu, na moyo unanidunda kama wa mtu aliyeitwa jina lake katika umati.

Kwa misimu miwili iliyofuata nilirudi pale kila nilipopata gari. Kila mti jike wa kilimani niliufunga kibati chenye namba, nikaweka matunda yake kwenye chupa ya spiriti. Niliamini huu ni mti wa peke yake, usio na jina, na niliamini hivyo kwa ukaidi wote ambao watu wa Embu husema sisi Wameru tumezaliwa nao.

Ndipo akaja Daktari Marit. Alitoka Ulaya ya kaskazini, mwanamke mpole mwenye Kiswahili cha kitabu, na ndiye aliyekuwa akiandaa kitabu kikubwa cha jenasi nzima. Alileta mambo mapya. Wakati huo sisi tulikuwa tunapima majani kwa rula, naye alitaka kusoma DNA. Alitupa mifuko ya vishanga vya bluu vinavyonyonya unyevu: unatia jani bichi ndani, linakauka kwa siku moja, na vishanga vikigeuka waridi unajua vimeshiba. Sampuli zangu za zamani hazikumfaa. Nilikuwa nimezikausha juu ya jiko la mkaa, tena nyingine nimezinyunyizia spiriti, na joto na spiriti vilikuwa vimeivunjavunja DNA yote. Magome nayo yalijaa utomvu ulioziba mashine zake. Alihitaji majani mapya, tena machanga.

Safari ya kuyachuma sikwenda. Nilikuwa likizo ya uzazi, nimelala Dallas, mtaa wa pale Embu mjini, na mtoto anayeamini usiku ni wa kuongea. Ireri alikwenda na Marit. Ulikuwa ukame, kila kitu kimekauka, lakini walirudi na majani ya spishi zote walizozihitaji, pamoja na ya mti wangu. Ireri alikuja kunipa habari mwenyewe, ameleta na maziwa ya mtoto.

"Wako tumepata," akasema. "Hapo tu chini ya kilima. Una majani mazuri, mpaka nikashangaa."

Nami nilishangaa, lakini nilikuwa na usingizi mwingi kuliko mashaka.

Majibu yalikuja kwa faksi, miezi kadhaa baadaye, nikiwa nimerudi kazini. Marit aliandika kwa upole uleule. Mti wa kilimani na wa bondeni haikuweza kutenganishwa hata kidogo. Katika kitabu angeuweka kama spishi moja, na vile vidole vinne angevitaja kwenye mstari mmoja kama tofauti ya mahali. Kama nilikuwa na pingamizi, nimletee majani mengine kabla ya mwaka mpya, maana baada ya hapo kitabu kingefungwa.

Nilisoma faksi hiyo mara nyingi hadi maandishi yakaanza kufifia. Mnapaswa kuelewa kilichokuwa hatarini. Kitabu cha jenasi nzima huandikwa mara moja, labda katika maisha ya mtu. Kikishasema mti huu si kitu, hakuna atakayepanda kile kilima kuutafuta. Watu wanaochoma makaa wataukata kama kuni nyingine, na hakuna atakayejua kilichokwisha. Niliumia. Nilikasirika pia, na sitasema sikukasirika.

Ireri aliiona sura yangu. "DNA haina urafiki na mtu, Madam," akasema. "Hiyo wamepima. Wewe umehesabu vidole tu."

"Mzee, vidole ni vya kila mti. Kila mti! Hakuna hata mmoja wa kilimani ulio na viwili."

"Sasa unataka kusema mashine inadanganya?"

Nilichokuwa nacho ni miguu. Jumamosi iliyofuata nikashuka Kiambere na dereva wa kituo, nikaenda moja kwa moja mahali palipoandikwa kwenye kibandiko cha Ireri: chini ya kilima, karibu na boma.

Boma lenyewe lilikuwa la Mama Nthiga, mjane mwenye mbuzi wengi na maneno machache. Na pale nikauona mti wa Ireri. Haukuwa mti. Ulikuwa ua. Miti ya Commiphora ilikuwa imepandwa bega kwa bega kulizunguka boma lote, kama watu wa Mbeere wapandavyo: unakata tawi nene, unalichomeka ardhini, linashika na kuota, na mbuzi hawapiti. Upande wa jikoni, ambako Mama Nthiga alimwaga maji ya kuoshea sufuria na ya kunyweshea ndama, ua ulikuwa na majani. Kwingine kote, hadi kilimani, hapakuwa na jani hata la dawa.

Siku chache kabla yangu kulikuwa kumepita manyunyu ya kudanganya, na ua ule wenye bahati ulikuwa umetoa maua. Nikavuta kioo changu cha kukuzia kinachoning'inia shingoni na kuchungulia. Maua dume. Nikaenda kwenye mti unaofuata. Dume. Unaofuata, dume. Nilizunguka boma zima, Mama Nthiga akinitazama kwa wasiwasi, labda akidhani nimetumwa na kanisa jipya. Hapakuwa na mti jike hata mmoja.

Nikaketi kwenye jiwe. Msituni huwezi kupata dume tupu namna hiyo. Ua huu wote ulikuwa mti mmoja, uliokatwa vipande na kupandwa tena na tena. Haukuwahi kuzaa tunda, kwa hiyo hakuna mtu, Ireri wala mwingine, aliyewahi kuona kokwa lake. Na bila kokwa, mti wa kilimani na wa bondeni ni pacha.

"Mama," nikamwita, "hii fensi mlikata miti yake wapi? Huko juu kilimani?"

"Kilimani nani atapanda?" akasema. "Hii si ya hapa, mwanangu. Hii tulikuja nayo. Wakati maji ya bwawa ilipanda, mzee wangu alienda boma ya baba yake huko chini, akakata fensi yote, tukabeba na punda. Nyumba tuliacha. Fensi hapana."

"Kwa nini fensi?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini mtu hubeba watoto. "Si ndiyo boma?" akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa, na nikaelewa kwa nini ni kosa ambalo Ireri hasa angelifanya. Kwao Karurumo ua hukatwa popote palipo karibu, mradi kichaka kiwe na miiba. Mtu wa Karurumo akiona ua chini ya kilima, anajua umetoka kilimani. Huku Mbeere mwana anapoanza mji wake hukata kwenye ua wa baba yake, na ua husafiri na ukoo. Maabara haikukosea. Iliulizwa juu ya ua wa bondeni, nayo ikajibu juu ya ua wa bondeni.

Nilikuwa na furaha njia nzima ya kurudi, hadi tulipofika Embu na nikakumbuka kwamba lazima nimwambie Ireri.

Niliogopa. Mtu huyu alinifundisha hata jinsi ya kushika kisu. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na jina lake lilikuwa kwenye ile sampuli. Nikamwambia wakati wa chai, kwa sauti ndogo, nikianzia kwa maua dume na kumalizia kwa punda. Aliweka kikombe chini.

"Mimi nimekusanya mimea wewe ukiwa bado unachunga mbuzi wa babako."

"Ndiyo, Mzee."

"Na sasa unaniambia nimechuma fensi."

"Ndiyo, Mzee."

Akatoka. Hakunisemesha siku zilizofuata, hata kuniomba gundi. Sikurudi nyuma. Nilimheshimu kama baba, lakini mti haukuwa na mtu mwingine wa kuusemea.

Tatizo lilibaki lile lile: majani. Nilimtumia Marit faksi kumweleza, akajibu kwamba anasikitika, anaamini ninachosema, lakini kitabu hakiwezi kuandika imani. Mvua za vuli zikakataa. Oktoba ikapita, Novemba ikawa vumbi, na miti yangu yenye vibati ikabaki mifupa. Kila jioni nilitazama mawingu upande wa Mlima Kenya yakinyesha kwa watu wa chai, ambao hawakuyahitaji.

Jibu lilinijia nikipika, nikikumbuka kitu ambacho Mama Nthiga alikifanya nilipokuwa pale. Mbuzi alikuwa amevunja mti mmoja wa ua. Akaokota kipande, akakichomeka pengoni, akamwagia maji ya sufuria, akaendelea na kazi yake. Ikiwa fimbo kavu inaota kwa maji ya sufuria Kiambere, kwa nini isiote Dallas?

Asubuhi nilipofika kituoni kuchukua gari, Ireri alikuwa amekwisha kupanda, na panga lake limefungwa gunia.

"Nimesikia unaenda kukata," akasema bila kuniangalia.

"Ninaenda, Mzee."

"Nilikata mahali si pake. Leo nitakata mahali pake. Twende."

Tulipanda kilima kwa jua kali. Kila mti jike wenye kibati tulikata tawi moja, mimi nikisoma namba, yeye akiiandika kwenye kibati kipya na kukifunga kwa waya. Alisoma kila namba mara mbili kwa sauti. Kwenye mti wa mwisho aliinama, akaokota kokwa kuukuu lililokauka chini yake, akalisugua kwa kidole gumba. Alama za vile vidole vinne bado zilionekana.

"Vinne," akasema. Akalitia mfukoni mwa koti.

Nyumba yangu ya Dallas ilikuwa na kibaraza chembamba. Nilikijaza mikebe ya mafuta ya kupikia iliyotiwa mchanga, kila mkebe na fimbo yake, kila fimbo na kibati chake. Majirani walikuja kuangalia. Mama wa mlango wa pili alicheka hadi akashika ukuta.

"Jameni, Madam anafuga kuni!"

"Nafuga, ndiyo."

"Na zikizaa utatuuzia makaa?"

Nilimwagilia asubuhi kabla ya kazi na jioni mtoto akiwa mgongoni. Fimbo kadhaa zilioza. Nilizitoa nikiwa na uchungu kama wa kupoteza kuku. Nyingine zilikaa kimya, na kila siku nilizikwaruza kwa ukucha kidogo kuona kama bado kuna kijani chini ya gome. Kilikuwapo. Ireri alipita kila Jumapili baada ya kanisa, akiwa na suti na Biblia, akachuchumaa na kuzikagua moja baada ya nyingine kama daktari wa wodi.

Kisha Jumapili moja alichuchumaa na hakuinuka. Nikaenda. Kwenye fimbo moja palikuwa na kitu kidogo cha kijani, kimekunjwa, chenye vijani vitatu vya kutosha ukucha. Nililia. Sina haya kuwaambia. Ireri alinipa kitambaa chake cha suti na kusema nisimwagie chumvi mkebe.

Tulichuma majani machanga ya kila fimbo iliyoota, tukayatia kwenye vishanga vya bluu, kila mfuko na namba yake, na chupa ya spiriti yenye matunda ya mti mama wa namba ile ile tukaipiga picha pamoja nayo. Mfuko ulikwenda kwa ndege kabla ya Krismasi.

Faksi ya Marit ilikuja Januari, fupi. Katika mchoro wake wa ukoo, mti wa kilimani ulisimama kwenye tawi lake peke yake. Si hivyo tu, haukuwa hata ndugu wa karibu wa ule wa bondeni. Ilifanana kwa sura kama watu wawili wa makabila tofauti waliovaa sare moja. Vidole vinne na DNA vilisema jambo lile lile. Alikuwa ameufungulia ukurasa.

Niliisoma faksi kwa sauti katika hebaria nzima, na kama mnavyojua sauti yangu, hata watu wa maabara ya udongo walisikia. Ireri hakushangilia. Alikwenda kwenye kabati, akavuta sampuli yake ya ule ua, akaandika karatasi ndogo kwa kalamu ya wino, akaibandika chini ya kibandiko chake cha kwanza. Iko pale hadi leo. Imeandikwa: "Si wa kilimani. Ni ua wa kupandwa, ulioletwa kutoka bondeni. Niliuchuma bila kuona tunda." Na jina lake lote, na sahihi.

Nilitaka tuupe mti ule jina lake. Akakataa katakata. "Mti nilioukosea uitwe jina langu? Ndio watu wacheke mpaka Runyenjes?" Basi ulipewa jina la Kilatini linalotaja vidole vinne, na hakuna aliyecheka.

Alistaafu kabla kitabu hakijatoka. Kilipofika nilikifunga kwa gazeti, nikaenda nacho Karurumo. Nilimkuta kwenye kahawa yake, na koti lile lile. Alifungua ukurasa, akausoma wote, hata vipimo vya kikonyo cha jani, akafunga.

"Njoo uone kitu," akasema.

Nyuma ya nyumba, mpakani mwa shamba, mahali penye baridi na unyevu ambapo mti wa Mbeere hauna biashara, palisimama ua mfupi. Fimbo zangu za Dallas, zile nilizompa baada ya kuchuma majani. Si zote zilizopona, lakini zilizopona zilikuwa na majani, na juu ya kila moja kilining'inia kibati kwenye waya. Nikakishika kimoja. Kilikuwa na namba ya mti mama, na chini yake kwa herufi za msumari: "Kiambere, kilimani. Jike. Umepandwa hapa."

"Majirani wanasema fensi yangu imevishwa hereni kama ng'ombe wa maziwa," akasema Ireri. "Wacha waseme. Siku moja atakuja mtu na digrii na mfuko wa vishanga, na mimi sitakuwa hapa kumwambia."